Al Bell: Mtangazaji aliyeifufua Stax, kisha akaipoteza

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mkazi wa Memphis aliyewasha redio asubuhi kwenye kituo cha WLOK alipokewa na sauti nzito ya kijana wa Arkansas aliyejitambulisha kwa vina: urefu wake wa futi sita na inchi nne, uzito wake, mama aliyemzaa, wanawake wanaomtamani na wanaume wanaomwogopa. Yalikuwa majigambo ya makusudi, kama ya malenga anayeingia ulingoni kabla hajatoa shairi lenyewe. Hewani aliitwa Al Bell. Kwao Brinkley, Arkansas, alikozaliwa Machi 15, 1940, aliitwa Alvertis Isbell, na jina hilo la nyumbani ndilo lililoandikwa kama mtunzi wa kibao kimoja kikubwa cha mwaka 1972. Tutakifikia.

Huku kwetu, mtangazaji kuhamia upande wa pili wa biashara ya muziki si jambo geni. Vituo vya FM vya Dar es Salaam na Nairobi vimetoa mameneja wa wasanii, waandaaji wa matamasha na wenye lebo zao. Anayejua ni wimbo gani utamfanya dereva wa daladala aongeze sauti anajua kitu ambacho mhasibu hakijui. Swali ni kama kukijua hicho kunatosha kuendesha kampuni. Kwa maoni yangu hakuna maisha yanayolijibu swali hilo vizuri kuliko ya Bell, kwa sababu aliipanda ngazi yote, kutoka kipaza sauti hadi umiliki, kisha akaporomoka hadharani.

Kwanza redio yenyewe. Mwaka 1948 kituo cha WDIA cha Memphis, mali ya wazungu wawili ambao biashara ilikuwa ikiwashinda, kilimpa kipaza sauti Nat D. Williams, mwalimu wa shule ya sekondari ya weusi. Wasikilizaji wakafurika, na muda si mrefu kituo kizima kikageukia weusi. B.B. King alijulikana pale kama mtangazaji kabla dunia haijamjua kwa gitaa. Rufus Thomas, mchekeshaji na mwimbaji, naye alikuwa na kipindi chake. Katika miji ya Kusini iliyowabagua weusi kwenye shule, mabasi na maktaba, mtangazaji mweusi hakuwa mpiga santuri tu. Alitangaza misiba, mikutano ya makanisa na vitu vilivyopotea, na neno lake dukani lilikuwa na uzito kuliko tangazo la gazeti.

Bell alikulia katika hewa hiyo, ng'ambo ya mto Mississippi. Alikuwa na miaka 17 mwaka 1957, wanafunzi tisa weusi walipoingia Central High School ya Little Rock wakilindwa na wanajeshi waliotumwa na Rais Eisenhower. Alisoma Philander Smith, chuo cha weusi cha mjini humohumo, huku akitangaza KOKY, kituo cha kwanza Arkansas kuelekeza vipindi vyake vyote kwa weusi. Mwaka 1959 alikwenda Midway, Georgia, kwenye warsha za jumuiya ya Martin Luther King. Huko walitofautiana. Bell alimheshimu King, ila hakuamini kwamba maandamano ya amani peke yake yangemfikisha mtu mweusi popote. Aliamini katika mtaji, maduka, umiliki. Ukilikumbuka hilo, mengi aliyoyafanya baadaye, ya busara na ya pupa, yanaeleweka.

Kutoka WLOK alihamia Washington, kituo cha WUST. Wasikilizaji wa kule walizoea muziki laini zaidi, uliopigwa msasa, wa aina ya Detroit. Bell akaanza kuwapigia santuri za kampuni ndogo ya Memphis iitwayo Stax, zenye ngoma nzito na tarumbeta za kanisani, akazipiga hadi zikaanza kununuliwa. Wakati huohuo alianzisha lebo ndogo, Safice, pamoja na Chester Simmons na mwimbaji Eddie Floyd. Yaani kabla hajapewa ofisi na mtu yeyote, alikuwa tayari anarekodi, anasambaza na anatangaza.

Stax nayo ilikuwa na historia yake. Jim Stewart, karani wa benki aliyependa kupiga fidla, na dada yake Estelle Axton, ambaye aliweka nyumba yake rehani ili wanunue mashine ya kurekodia, walikodi jumba la sinema lililokuwa limefungwa kwenye barabara ya McLemore. Sakafu ilikuwa na mteremko kama ya sinema zote, na wanamuziki wengi waliowahi kurekodi pale wanasema ndiyo iliyowapa sauti ile. Kwenye chumba cha kuuzia bisi, Estelle alifungua duka la santuri. Vijana wa mtaani wakiingia kununua, yeye anawapigia wimbo mpya na kuangalia miguu yao. Hawa walikuwa wazungu, katika mtaa uliokuwa ukigeuka wa weusi, na bendi ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na weusi na wazungu wakati sheria za Memphis bado ziliwatenga watu hao mahali pengi. Walichokosa ni mtu wa kuuza. Mwaka 1965 wakamchukua Bell kuwa mkuu wa promosheni.

Kazi ya promosheni enzi hizo ilifanywa kwa simu na kwa miguu. Kampuni inapofyatua santuri, mtu lazima awafikie watangazaji mji kwa mji, awashawishi waipige, kisha ahakikishe mzigo uko dukani wiki hiyohiyo wimbo unapoanza kusikika, maana msikilizaji akiukosa leo, kesho amesahau. Wapo walioifanya kazi hiyo kwa bahasha. Bunge la Marekani lilikuwa limefanya uchunguzi mzima mwaka 1959 na 1960 kuhusu watangazaji waliolipwa ili wapige nyimbo, na Alan Freed, mmoja wa mashuhuri wao, alipoteza kazi. Bell aliwajua watangazaji weusi wa nchi nzima kwa sababu alikuwa mwenzao. Alijua mtangazaji wa asubuhi anataka wimbo wa aina gani na wa usiku wa aina gani.

Alijua pia ramani nyingine, isiyochapishwa. Mamia ya maelfu ya weusi walikuwa wamehama Mississippi, Arkansas na Tennessee kufuata kazi za viwandani Chicago, Detroit na miji mingine ya Kaskazini, wakifuata mto na reli. Kibao kikishika Memphis, shangazi yake msikilizaji anayekaa Chicago ni mteja anayesubiri tu kufikiwa. Bell aliuza muziki wa Stax kwa kuifuata njia hiyo ya uhamiaji. Eddie Floyd, aliyekuja naye kutoka Washington, akatunga na Steve Cropper wa bendi ya studio wimbo "Knock on Wood" mwaka 1966, kwenye chumba cha Lorraine Motel, na wimbo huo ukavuka mipaka yote.

Kisha ukaja mwaka mmoja mbaya. Desemba 10, 1967, ndege ndogo iliyombeba Otis Redding, mwimbaji wa Stax, na vijana wa bendi ya Bar-Kays ilianguka ziwani karibu na Madison, Wisconsin. Aliyenusurika ni mpiga tarumbeta Ben Cauley peke yake. Aprili 4, 1968, King aliuawa kwenye roshani ya Lorraine, hoteli ileile ambayo wanamuziki wa Stax walikuwa wakilala, kula na kutungia nyimbo. Misiba hiyo ilipotokea, kampuni ya Warner ilikuwa imeshainunua Atlantic, kampuni iliyokuwa ikisambaza santuri za Stax. Stewart alipotaka kujitoa, wanasheria wakafungua mkataba alioutia saini mwaka 1965. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoipa Atlantic umiliki wa kila rekodi iliyosambazwa kwa mapatano hayo. Otis Redding wote, Rufus na Carla Thomas, "Green Onions". Sam & Dave nao waligundulika kuwa walikuwa wasanii wa Atlantic walioazimishwa tu. Stewart alikiri kwamba hakuwa ameusoma mkataba huo vizuri. Stax ikatoka Mei 1968 ikiwa na jengo, wanamuziki na jina. Hazina yote ya nyimbo ikabaki New York.

Kampuni nyingi zingekufa hapo. Bell, sasa akiwa makamu wa rais mtendaji, alifanya jambo ambalo mtu wa hesabu asingelithubutu: akaamua kutengeneza hazina nyingine ndani ya miezi michache. Stax, ambayo sasa ilikuwa mali ya kampuni ya Gulf+Western, ilifyatua albamu 27 kwa mkupuo katikati ya mwaka 1969. Studio ya McLemore haikutosha, wakarekodi hata Alabama na Detroit. Wauzaji kutoka kila pembe ya nchi waliitwa Memphis kuonyeshwa mzigo. Albamu nyingi kati ya hizo zimesahaulika, na nadhani zilistahili. Moja ilibadili muziki.

Isaac Hayes alikuwa mtunzi wa nyimbo za wengine. Albamu yake ya kwanza haikuuza. Bell alihitaji albamu za kujaza orodha, Hayes akakubali kwa sharti kwamba aachwe afanye atakavyo. Matokeo ni Hot Buttered Soul, albamu ya nyimbo nne tu. Mmoja wao unapita dakika 18, na sehemu kubwa ya mwanzo Hayes haimbi, anazungumza, kama mtu anayesimulia ya nyumbani kwake huku kinanda kikimsindikiza. Redio za wakati ule zilitaka wimbo wa dakika tatu. Hakuna mtu aliyelijua hilo kuliko Bell, na ni yeye aliyeuruhusu utoke vilevile. Baadaye walikata vipande vifupi kwa ajili ya redio, lakini watu walinunua albamu nzima, zaidi ya nakala milioni moja. Hadi wakati huo wenye kampuni waliamini weusi hununua santuri moja moja na wazungu ndio wanunuzi wa albamu. Imani hiyo ikafa.

Mwaka huohuo, Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi za dansi za Dar es Salaam. Vijana wa TANU walikuwa wameuanza mwaka na operesheni dhidi ya sketi fupi. Soul ikaingizwa kwenye mzigo uleule wa utamaduni wa kigeni. Barua zilizoandikwa magazetini kupinga zilikumbusha kwamba waimbaji wenyewe ni wajukuu wa Waafrika. Nadhani walioandika barua zile walikuwa na hoja nzuri kuliko walivyojua: wakati sahani hizo zinafungiwa Dar, huko Memphis kulikuwa na mtu anayezitumia kujenga uchumi wa watu weusi, jambo ambalo serikali ya Mwalimu Nyerere ingelielewa bila mkalimani.

Mwaka 1970 Bell na Stewart waliinunua Stax kutoka Gulf+Western, kwa msaada wa fedha za Deutsche Grammophon ya Ujerumani. Estelle Axton alikuwa ameshaondoka. Yeye na Bell hawakuelewana, na inasikitisha, kwa sababu jicho lake la dukani na sikio la Bell la redioni vilikuwa vitu vya aina moja. Mwaka 1971 ukaleta filamu ya Shaft, yenye muziki wa Hayes, na mwaka uliofuata Hayes akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya wimbo bora wa filamu. Ni katika kipindi hicho pia Bell alirudi Arkansas kumzika ndugu yake aliyeuawa. Mwenyewe amesimulia kwamba alikaa juu ya boneti ya basi bovu kwenye uwanja wa nyumba ya baba yake, maneno yakamjia. Ndicho kibao nilichokiahidi mwanzoni: "I'll Take You There", walichokiimba kundi la Staple Singers na kukifikisha namba moja Marekani.

Agosti 20, 1972, ilikuja Wattstax. Miaka saba kabla, mtaa wa Watts wa Los Angeles uliwaka moto katika ghasia zilizoua watu 34. Stax ikakodi uwanja wa Coliseum, tiketi dola moja ili maskini asikose, na watu zaidi ya 100,000 wakajaa. Ulinzi wa ndani ulikuwa wa weusi wasio na silaha. Mchungaji Jesse Jackson aliwasimamisha watu wote na kuwaongoza kwa sauti moja kutamka kwamba kila mmoja wao ni mtu. Lakini tukio ninalolipenda zaidi katika filamu ya siku ile ni la Rufus Thomas. Mashabiki walivunja uzio wakamwagika uwanjani, walikokatazwa. Mzee yule, amevaa kaptula ya rangi ya waridi, aliwatania, akawabembeleza na kuwaaibisha mpaka wote wakarudi majukwaani. Hakupiga mtu kirungu. Ilikuwa miaka ya WDIA inafanya kazi.

Hapo ndipo kileleni, na mteremko ulianza mwaka uleule. Stewart alitaka kustaafu, na Bell akanunua hisa zake. Kampuni ilikuwa imekuwa kubwa kuliko wasambazaji wadogo waliokuwa wakiifikisha sokoni, kwa hiyo Bell akaingia mkataba na Clive Davis wa CBS. Si yeye tu aliyeona faida. Mwaka huo wanafunzi wa Harvard Business School walikuwa wameiandikia Columbia, lebo ya CBS, ripoti kuhusu soko la soul, wakieleza jinsi redio za weusi zilivyo mlango wa soko hilo. Mei 1973 Davis akafukuzwa CBS. Waliobaki hawakuwa na urafiki na Bell wala haja na mapatano yale.

Tatizo likawa la mzigo. Mashabiki wa Stax walinunua santuri kwenye vijiduka vya mitaani, vingi mali ya weusi, ambavyo wauzaji wa CBS hawakuvijua na hawakuvitaka. Wimbo unasikika redioni, mteja anakwenda dukani, santuri haipo, huku maelfu yamelala kwenye maghala. CBS ikazuia sehemu ya malipo. Bell, aliyeahidi mapato ambayo hayakuja, akaendelea kukopa Union Planters, benki ya Memphis ambayo yenyewe ilikuwa taabani. Deni likapita dola milioni 10.

Na hapa sitamtetea kwa kila kitu. Stax ilitumia fedha kana kwamba kila santuri ingekuwa kibao. Magari, makoti ya manyoya, matawi ya filamu na tamthilia, wafanyakazi karibu 200. Bell alimkaribisha pia Johnny Baylor, mtu wa New York aliyetisha watu kwa bastola, ambaye mwishoni mwa 1972 alikamatwa uwanja wa ndege wa Birmingham akiwa na zaidi ya dola 100,000 taslimu na hundi nyingine nono ya Stax. Maofisa wa kodi hawakuhitaji mwaliko mwingine. Mtangazaji mzuri huamini wimbo ujao utakuwa mkubwa zaidi. Asipoamini, sauti yake humsaliti hewani. Katika ofisi ya fedha tabia hiyohiyo ni hatari.

Septemba 1975 Bell alishtakiwa pamoja na ofisa mmoja wa benki kwa kula njama za mikopo ya udanganyifu. Desemba 19 mwaka huo wadai waliipeleka Stax mahakamani kutangazwa mufilisi, na Bell ametoa ushuhuda mara nyingi wa jinsi alivyotolewa kwenye jengo na watu wenye silaha. Mwaka 1976 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Kampuni haikurudi. Stewart, aliyerudisha mali yake ndani ili kuiokoa, alipoteza hata nyumba. Jengo la McLemore lilibomolewa mwaka 1989.

Bell akarudi Arkansas, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya baba yake. Yaliyofuata yanatosha kitabu kingine, nitayapita haraka. Berry Gordy, mwenye lebo ya Motown, alimwita, akawa rais wa lebo hiyo wakati ikiuzwa kwa MCA na washirika wake mwaka 1988 kwa dola milioni 61. Kisha akaanzisha Bellmark, na mwaka 1993 wimbo "Whoomp! (There It Is)" wa Tag Team ukatamba kila kona ya Marekani. Mwaka 1994 Prince, aliyekuwa akigombana na Warner na kutaka kutoa wimbo nje ya himaya yao, alimpelekea Bell "The Most Beautiful Girl in the World" ausambaze. Ukashika namba moja Uingereza. Mtu wa miaka 54, aliyeanza kwenye redio za enzi ya ubaguzi, alikuwa bado anasikia kibao kabla ya wengine. Bellmark nayo ilikufa kwa madeni kabla ya muongo kwisha. Mwaka 2011 waandaaji wa Grammy walimpa tuzo ya heshima kwa mchango wake.

Hukumu yangu ni kwamba sikio la Bell halikuwahi kumwangusha. Kilichomwangusha ni kile ambacho mtangazaji hafundishwi: mnara wa kurushia matangazo si wake, na mwenye mnara anaweza kuuzima. Stax ilipotezwa mara mbili, mara ya kwanza na kifungu cha mkataba alichosaini mtu mwingine, mara ya pili na malori ya mtu mwingine. Vijana wetu wanaotoka studio za redio leo kwenda kusimamia wasanii, wengi wakiwa na vipaji vya kweli, waanze na maswali mawili haya kabla ya kupiga picha za kusaini mkataba: rekodi asilia (masta) ni za nani, na nani anaufikisha wimbo kwa mnunuzi.

Leo kwenye kiwanja cha McLemore kuna jumba la makumbusho la Stax, lililofunguliwa mwaka 2003, na jirani yake kuna shule ya muziki ya watoto wa mtaa. Rekodi za Stax za kabla ya Mei 1968 ziko mikononi mwa Warner. Za baada ya hapo zilinunuliwa na kampuni ya Fantasy mwaka 1977, na tangu 2004 ni mali ya Concord. Hakuna kati ya kampuni hizo yenye makao makuu Memphis.